Mwaka Tulioacha Kula Majani

Baba alilitangaza jambo hilo mezani, Jumapili moja baada ya misa ya kwanza. Mama alikuwa ameleta ugali wa sembe, bakuli la nyama ya ng'ombe iliyoungwa kwa nyanya, na kibakuli kidogo cha kisamvu. Baba akakisogeza kile kibakuli pembeni kwa vidole viwili, bila hasira yoyote.

"Majani sasa basi," alisema. "Katika nyumba hii tumekula majani ya kutosha."

Mama alikichukua kibakuli akakirudisha jikoni. Mimi nilicheka kidogo, kwa furaha. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa shule ya msingi pale Songea mjini, na kati ya watoto ni mimi tu niliyekuwa bado nakaa kwa wazazi wangu Matogoro. Nilimuunga mkono baba siku ile, na nikaendelea kumuunga mkono kwa karibu mwaka mzima. Ndiyo sababu ninaandika haya.

Mtu ambaye hakuipitia miaka ya foleni hawezi kumwelewa baba kwa urahisi. Alikuwa karani katika ofisi ya ushirika tangu sijazaliwa, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni, na bado kuna miezi aliyorudi nyumbani bila sukari, bila sabuni, bila mafuta ya kula. Tulikula ugali wa unga wa yanga, ule mahindi yake yalikuwa ya njano, na mboga ilikuwa ile aliyoichuma mama: matembele, majani ya maboga, mnavu, mlenda. Mara nyingi ilichemshwa kwa chumvi tu, na karanga zikipatikana ilikuwa ni bahati. Sisi watoto tulikula tukashiba, tukaenda kucheza. Lakini baba alikuwa anakula huku akiangalia chini. Kwake yeye ile harufu ya majani mabichi yakichemka ilikuwa harufu ya mwanaume aliyeshindwa kulisha nyumba yake. Hakuwahi kuyasema hayo enzi zile. Nilikuja kuyajua baadaye, kwa namna nitakayoieleza.

Kisha mambo yakageuka. Biashara ikafunguliwa, malori yakaanza kushuka kutoka Njombe yakiwa yamejaa, na vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau vikapangwa madukani kama vile havikuwahi kupotea. Wakati huohuo ofisi za ushirika zikaanza kupunguza watu, na baba akapunguzwa. Alikaa nyumbani wiki mbili bila kuzungumza sana. Wiki ya tatu akatoboa dirisha kubwa kwenye chumba cha mbele, akapiga rafu, akafungua duka. Alileta sembe nyeupe kwenye mifuko, mafuta kwenye madumu ya njano, sukari, siagi ya kopo, biskuti, majani ya chai. Tukawa tunakula kutoka dukani. Asubuhi chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi, mchana wali au ugali mweupe kwa nyama, jioni hivyohivyo, na chai tena juu yake. Nilinenepa. Walimu wenzangu waliniambia nimependeza.

Bibi, mama yake baba, aliletwa kwetu mwaka huohuo, baada ya mavuno. Babu alikuwa amefariki na hapakuwa na mtu wa kukaa naye kijijini Lusewa, kwa hiyo baba alikwenda kumchukua kwa lori la mizigo. Alishuka akiwa ameshika jembe lake na mfuko wa majani ya kunde aliyoyakausha juani. Alikuwa amebakiwa na meno mawili tu, yote ya chini, lakini alikuwa na nguvu. Kutoka barabarani hadi mlangoni alitembea peke yake, akakataa kushikwa mkono.

Siku ya kwanza mezani, mama alimpa bibi vipande vitatu vya nyama, vikubwa, kwa heshima. Bibi alishukuru. Alikibonyeza kipande kimoja kwa kidole gumba, akakirudisha sahanini, akala ugali kwa mchuzi. Zile nyama alizisogeza kwangu. "Kula wewe, mjukuu wangu, unayefanya kazi." Nikala. Kesho yake ikawa vilevile, na baada ya wiki mama hakumwekea tena nyama, alimwekea mchuzi mwingi. Tulidhani ndivyo anavyopenda.

Lazima niseme kitu kuhusu ugawaji wa chakula nyumbani kwetu, kwa sababu sikukiona wakati ule, ingawa kilitokea mbele ya macho yangu kila siku. Enzi za majani, sufuria liliwekwa katikati na kila mtu alimega kadiri ya tonge lake. Mama alikula kama baba, na mimi nilikula kama mama. Nyama ilipoingia, ikawa lazima igawiwe. Baba alipata yake ya kwanza, kwa kuwa ni mwenye nyumba. Mimi nilipata inayofuata, kwa kuwa nilikuwa natoka kazini nimechoka. Akija mgeni, na duka huleta wageni, mgeni alipata. Aliyekuwa anagawa ni mama, na mwiko ulipofika kwenye sahani yake ulikuwa unachota mchuzi.

Mwanzo wa mvua, majani yalipochipua kila mahali, bibi alianza kutoweka asubuhi. Mimi nilikuwa shuleni, mama alikuwa dukani akimsaidia baba, na bibi alichukua ungo wake akaenda. Sikujua mpaka jirani yetu mmoja, mama mwenye shamba kule chini kwenye kijito, aliponisimamisha njiani nikitoka kazini.

"Mwalimu, za kazi?"

"Nzuri mama. Shikamoo."

"Marahaba. Samahani, nina neno. Bibi yenu huja kuchuma mchicha na mnavu shambani kwangu. Mimi sikatai hata kidogo, achume tu. Lakini watu wanauliza. Watu wa duka, nyumba ina kila kitu, mbona bibi anatembea na ungo kuomba majani? Mnampa chakula kweli?"

Aliuliza kwa upole. Hata hivyo nilisikia masikio yanawaka. Nilikwenda nyumbani kwa hatua za haraka, nikamkuta bibi nyuma ya jiko, amekaa kwenye kigoda, anapika chungu chake kidogo juu ya mafiga matatu aliyoyapanga mwenyewe. Ndani kulikuwa na mnavu na karanga zilizotwangwa. Alinionyesha akitabasamu, akaniambia nisogee nionje.

"Bibi," nilisema, "unatuaibisha."

Hakunielewa mara moja. Nikarudia, nikaongeza. Nilisema watu wanafikiri tunamnyima chakula. Nilisema baba ana duka, mimi ni mwalimu, na yeye anazunguka mashambani kwa watu kama mtu asiye na kwao. Nilisema majani ni chakula cha shida na shida imekwisha. Maneno yale niliyasema kwa sauti niliyozoea kuitumia darasani, na nilikuwa nimesimama, yeye amekaa.

Bibi aliangalia chungu chake. "Haya, mwanangu," alisema. "Nimesikia."

Alikula kile kilichokuwa chunguni, kwa kuwa hakutupa chakula maisha yake yote, kisha akaosha chungu akakiinamisha juu ya kichanja. Hakukitumia tena mvua nzima.

Wiki ileile nilifundisha somo la sayansi kimu darasa la tano. Niliandika ubaoni makundi matatu ya chakula: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Chini ya kundi la tatu niliandika mboga za majani na matunda, nikawaambia watoto waandike kwa mwandiko mzuri, nikapita nikisahihisha. Sikuona kitu chochote kigumu katika hilo. Yale yalikuwa ya ubaoni na ya kwenye madaftari, na nyumbani ni nyumbani.

Bibi hakulalamika. Alipungua tu. Mwanzo aliacha kwenda kanisani kwa miguu, kisha akaacha kuzunguka uani, kisha ukawa mwendo wa kutoka kitandani hadi kwenye mkeka juani na kurudi. Alikuwa akimeza matonge madogo ya ugali mweupe, matatu au manne, kisha akisema ameshiba. Mama peke yake ndiye aliyejua kwamba bibi alikuwa anakaa siku nne, siku tano, bila kupata choo, na kwamba kikija kilikuja kwa maumivu ya kumtoa machozi. Mambo kama hayo mkwe hamwambii mume wake, na mimi sikuuliza. Baba alimletea biskuti laini kutoka dukani ili azichovye kwenye chai. Alikuwa anampenda sana mama yake, na alimpa kilicho bora kwa akili yake.

Na mama naye. Nikikumbuka leo, dalili zilikuwepo wazi. Alikuwa anapumzika mara mbili akipandisha ndoo ya maji, yeye ambaye zamani aliipandisha akiimba. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshinda akifua. Siku moja nilikuwa nafua kanga yake, nikafungua fundo kwenye pindo nikidhani ni hela, nikakuta vipande vya udongo mwekundu, ule wa kichuguu, vimetafunwa pembeni. Nilidhani ni tabia ya kijinga ya wanawake wa zamani. Nilivitupa, nikaianika kanga, sikumuuliza.

Alianguka kanisani. Ilikuwa Jumapili, foleni ya komunyo, na alikuwa mtu wa tatu kutoka kwa padri. Nilikuwa nyuma yake. Nilimwona anashika bega la mwanamke aliyekuwa mbele, kisha magoti yakakunjika, akalala chini taratibu bila kelele. Wanawake wa jumuiya walimbeba nje, wakampepea kwa kanga. Alipofungua macho aliomba radhi. Aliomba radhi kwa kila mtu aliyekuwa pale.

Jumatatu tulipanda gari la Peramiho, mimi na yeye, kwenda hospitali ya misheni. Baba alibaki na duka na bibi.

Aliyetupokea alikuwa sista muuguzi, mtu mzima, mwembamba, mwenye mikono ya baridi. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema, tukaitikia. Alimkalisha mama, akavuta chini ukope wa jicho lake, akautazama. Akashika kiganja, akakifungua, akakitazama. Wakamtoa damu kidoleni wakaenda kuipima. Sista alivuta kiti akakaa karibu kabisa na mama, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mama, siku zako bado unaziona?"

Mama alinitazama. Nilitaka kutoka, sista akaniashiria nibaki.

"Naziona," mama alisema. "Siku hizi zinakaa. Zinaweza kukaa wiki, zikazidi. Nilidhani ndio zinataka kukoma."

"Huenda ni hivyo. Wengi wa umri wako huwa hivyo kabla hazijakoma, na tutakuangalia tuone kama kuna kingine. Lakini damu hiyo inayotoka lazima irudi. Unakula nini?"

Nilimjibu mimi. "Nyumbani tunakula vizuri, Sista. Tuna duka. Nyama tunapata karibu kila siku."

"Nimemuuliza mama."

"Ugali," mama alisema.

"Kwa mboga gani?"

"Mchuzi."

"Mchuzi wa nini?"

"Wa nyama."

"Na nyama yenyewe?"

Mama alikuwa anaangalia mikono yake. "Wanakula wao," alisema.

Sijasahau sauti ile. Haikuwa na lawama hata kidogo. Alisema kama mtu anayetaja jambo linalojulikana, kwamba jua linachomoza upande huu. Nilihesabu kichwani sahani za jana, za juzi, za mwezi uliopita. Sikukumbuka hata mara moja nimemwona mama akitafuna nyama.

"Unakula udongo?" sista aliuliza.

Mama alitikisa kichwa kukubali, akajifunika mdomo kwa pindo la kanga.

"Usione aibu. Mwili unatafuta. Zamani, kabla ya duka, mlikuwa mnakula nini?"

"Majani," mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu tufike aliinua uso. "Matembele. Kisamvu. Majani ya maboga. Kunde na maharage. Na mapera, tulikuwa na mapera nyuma ya nyumba."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hakukuwa na kingine."

Hapo sista alinigeukia mimi, akaniuliza kazi yangu, nami nikamwambia. Hakunisema. Alinieleza kwa utaratibu, kama walimu tunavyoelezana. Alisema majani ya kijani kibichi, na maharage, na karanga, yana madini ya chuma ambayo mwili hutengenezea damu. Chuma cha kwenye majani mwili hukichukua kwa shida kidogo, kwa hiyo yaliwe pamoja na limao au pera au nyanya, na chai isinywewe juu ya chakula, isubiri. Nyama ni nzuri, alisema, lakini ni nzuri kwa aliyeila. Mchuzi haumtoshi mwanamke anayetokwa na damu kila mwezi kiasi kile.

Kisha akauliza tuko wangapi nyumbani. Nikamtajia bibi.

"Ana meno?"

"Mawili, Sista."

"Nyama anaitafuna na nini?"

Nikamweleza hali yake, kupungua kwake, na mama akaongeza yale ya choo, kwa sauti ya chini. Sista alisema mzee hahitaji chakula kingi, matonge yake ni machache, kwa hiyo kila tonge linatakiwa libebe kitu. Ugali wa dona badala ya sembe, uji wa ulezi, mboga laini ya kutwanga yenye karanga, papai likipatikana. Sembe tupu na biskuti humfunga tumbo na kumwacha mtupu. "Alikuwa anakula nini huko alikotoka?" aliuliza, na mimi nikasema, "Mboga za majani."

Kabla ya kuniruhusu kuondoka alinivuta ukope na mimi. "Na wewe si mzima sana," alisema. "Umenenepa, lakini hapa pamepauka. Wewe bado kijana, mwili unakuvumilia. Ukija kupata mimba ndipo utakapojua."

Mama alilazwa. Nilirudi Songea peke yangu mchana ule, nikashuka, nikapanda kwa miguu hadi Matogoro na mkoba wa shule niliokuwa nimeubeba bila sababu. Bibi alikuwa kwenye mkeka, juani, amejifunika blanketi. Nilipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Amelazwa. Amepungukiwa damu." Nikavuta pumzi. "Bibi, naomba unisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa mboga."

Nilisikia redio ya dukani na sauti ya baba akihudumia mtu.

"Nilidhani ni baba yako aliyekutuma," alisema mwishowe.

"Hapana, bibi. Hakunituma. Ni mimi. Niliona aibu."

"Aibu ya majani?"

"Ya watu."

Alilitafakari hilo. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo sikumbuki kama aliwahi kulitamka. Alinyoosha mkono akanishika kichwani, kama mtu anayejiegemeza ili ainuke, lakini hakuinuka. "Nenda kule chini," alisema. "Chuma majani ya maboga, yale machanga ya kwenye ncha. Usichume makubwa."

Nilikwenda shambani kwa yule jirani, nikaomba, nikapewa. Niliporudi, bibi alinifundisha kuyatoa nyuzi, jambo ambalo nilikuwa nimelifanya utoto mzima nikalisahau. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na uzi mmoja ulimchukua muda ambao mimi nilimaliza majani matano, lakini hakukubali niyamalize yote. Nilikishusha chungu chake kutoka kichanjani. Nikatwanga karanga. Harufu ilipopanda, baba alitoka dukani akasimama kwenye mlango wa nyuma.

"Nani anapika hayo?"

"Mimi," nilisema.

Alitaka kusema kitu, bibi akamwahi.

"Mwanangu, kaa."

Alikaa kwenye ngazi ya mlango, mtu mzima mwenye mvi, na miwani yake ya kusomea imening'inia kifuani. Nilimweleza yote aliyosema sista. Nilipofika kwenye mchuzi, alivua miwani akaishika mkononi. Akasema taratibu, akimwambia mama yake na si mimi, "Mama, ile miaka nilikuwa nikiona watoto wanakula majani jioni, nilikuwa natamani ardhi inimeze. Nilijiambia nikipata hata siku moja, hawatayaona tena."

"Najua," bibi alisema.

"Nilikuwa nawalisha nyasi, mama. Kama mbuzi."

"Miaka ile hakukuwa na kitu kingine. Ni kweli. Lakini hukuzika mtoto."

Nilimpa baba sahani. Alimega tonge, akalichovya, akala huku akiangalia chini kama zamani. Alimaliza sahani yote.

Mama alikaa hospitali wiki mbili na ushee. Aliongezewa damu, akapewa vidonge vya kumeza kila siku, na wakamkagua wasione uvimbe. Aliporudi alikuta baba ameshalima matuta sita ya matembele na mchicha nyuma ya nyumba, pale alipokuwa anapanga kujenga stoo. Hakuwa mkulima mzuri, matuta yalikuwa yamepinda. Mezani ilichukua muda mama kuzoea. Baba aliweka nyama kwenye sahani ya mama kwa mkono wake mwenyewe, mama akairudisha, baba akaiweka tena, na chakula kikapoa wakiwa katika hilo. Siku nyingine walikula maharage na majani tu, na nadhani mama alizipenda zaidi siku hizo kwa kuwa hazikuwa na mabishano. Miezi ilipopita viganja vyake vikarudi rangi. Udongo aliuacha mwenyewe, alisema hauna tena ladha.

Bibi alipata nafuu ya mwili kwa namna ya kizee. Tumbo lilifunguka, na hilo peke yake lilimrudishia utani. Alinituma kutafuta majani ambayo sikuyajua, akinieleza yanapoota na yanavyonuka ukiyafikicha, nami nikileta yasiyo yenyewe aliyarusha kwa kuku. Alikula masuku, yale matunda ya porini, msimu wake ulipofika, akifyonza utamu na kutema kokwa. Lakini miguu haikurudi. Nguvu iliyomtoa barabarani hadi mlangoni siku ile ya lori hatukuiona tena.

Alifariki kipindi cha baridi, asubuhi, baada ya uji wa ulezi. Alikuwa ameomba kikombe cha pili, na nilipokuja nacho alikuwa ameinamisha kichwa. Daktari aliyeitwa alisema ni uzee, na huenda ni kweli. Alikuwa mzee sana. Nilimuuliza kama mvua moja ya kula vibaya inaweza kumpunguzia mtu wa umri ule miaka. Alinitazama kwa huruma, akasema hakuna anayeweza kulijua hilo. Nimelibeba jibu hilo tangu siku hiyo, na sijawahi kujua kama linanipunguzia mzigo au linaniongezea.

Tulimrudisha Lusewa akazikwe karibu na babu. Baada ya maziko nilikaa na wanawake uani, tukichambua maharage ya wafiwa. Mdogo wake bibi alikuwa amekaa mbele yangu na ungo mapajani. Alikuwa amefanana naye hasa, hata namna ya kukunja miguu, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na meno mengi.

"Huko mjini," aliniuliza, "dada yangu alikuwa anakula vizuri?"

Wanawake walingoja. Katika msiba kuna jibu ambalo watu hulitarajia, na lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Badala yake nilisema kweli. Nilieleza kuhusu sembe, kuhusu chungu nyuma ya jiko, kuhusu maneno yangu nikiwa nimesimama na yeye amekaa. Nilieleza mchuzi wa mama na siku aliyoanguka kanisani. Sikuficha sehemu yangu. Mtu mmoja aliguna, mwingine akaacha kuchambua. Mdogo wake bibi hakuacha. Alitoa jiwe, akalitupa, akatoa harage bovu, akalitupa.

"Mama yako," alisema baadaye, "damu imerudi?"

"Imerudi, bibi. Bado anameza vidonge, na anakula majani."

"Na baba yako? Nimemwona anapanda pale kilimani anahema kama mtu aliyebeba gunia."

Nikamwambia kwamba ana presha, kwamba wamemkataza chumvi na mafuta mengi na yeye hasikii, kwamba majani anakula lakini huyaogesha mafuta ya dumu kwanza.

Akaweka ungo chini. Akageukia upande walikokaa wanaume, akamwita baba kwa sauti ya kumwita mtoto, ukoo mzima ukasikia. Baba akainuka kwenye kiti, na koti lake la msibani, akavuka uwanja mbele ya watu wote. Alipofika alimwamkia, akatafuta pa kukaa, asipaone, akakaa chini kwenye mkeka katikati ya wanawake.

"Sasa niambie," mdogo wake bibi alisema, akiuchukua ungo wake tena. "Asubuhi unaanza na nini?"

Baba akaanza kumweleza.